Namna Bora ya Kufa kwa Upanga

Jumatatu, 14 Aprili
Alhamisi kituo chetu cha wazee kinatupeleka kwenye bustani ya burudani za sinema, hapa hapa Kyoto. Daktari ameniruhusu maonyesho, mashua ya polepole na farasi wa mbao. Vigari vya kupinduka angani, marufuku: anasema moyo wangu hautaona majani yakipukutika mwaka huu. Sawa. Basi nikiri mapema, binti yangu asome nikishaondoka. Sina haja na mashua wala farasi. Katika onyesho la samurai, mcheza upanga humwita mtazamaji mmoja jukwaani na kumuua kwa kuigiza. Nataka niwe mimi! Kabla ya kufa kitandani kati ya vidonge, nife mara moja kwa heshima, watu wakipiga makofi.

Kikwazo: Okuda. Jirani yangu wa kitanda, muuza samaki mstaafu, mzaliwa wa Osaka. Naye anautaka upanga huo huo.

Jumanne, 15 Aprili
Watu wa Osaka wana ugonjwa wao. Ukijifanya kumkata mmoja wao hewani, hata kwa kidole, ataanguka akikoroma kama anayekata roho. Hawawezi kujizuia, wamelelewa hivyo. Mbinu: nimchoshe kabla ya Alhamisi. Nimemkata kwa kijiko wakati wa uji. Akafa. Kwa mswaki. Akafa. Kwa mwavuli, mlangoni pa choo. Akafa vibaya, akaangusha ndoo. Chinami, muuguzi wetu, akauliza kama hapa ni chekechea. Okuda akamjibu kutoka sakafuni, "Bibie, maiti hasemeshwi."

Jumatano, 16 Aprili
Balaa! Hakuchoka, amenolewa. Sasa anajizungusha kwanza, kisha anaanguka, na mwishoni mguu mmoja unatetemeka peke yake. Ule mguu! Nimefundisha fasihi ya kale maisha yangu yote, sikuwahi kuwaza mguu. Nikaujaribu kitandani, chini ya shuka. Chinami akadhani ni kiharusi. Daktari akaitwa.

Alhamisi, 17 Aprili
Mashua. Joka la plastiki likachomoza majini, likatoa moshi. Okuda akaliamkia na kuliuliza, "Mkeo hajambo?" Nilicheka hadi Chinami akanipima mapigo.

Kisha onyesho. Nikamwambia Okuda viti vya mbele vina baridi mbaya kwa figo. Akaenda nyuma kabisa, masikini wa Mungu, akinishukuru. Mimi mbele, kofia nyekundu kichwani. Mcheza upanga akaninyooshea mkono: "Mzee wangu, uko tayari kufa?" Tayari! Chinami akanishika kiwiko, nikapanda. Upanga ukameta, ukapita mbele ya kifua changu. Shwaa!

Nami, mtoto wa Kyoto, niliyefunzwa kutopokea chochote bila adabu, nikainama hadi kiunoni nikasema, "Asante sana. Samahani kwa kukusumbua."

Kufa nikasahau, na hakuna aliyepiga makofi.

Halafu kishindo nyuma kabisa. Okuda! Upanga haukuwa wake, lakini aliuona. Akajizungusha, akaporomokea mapajani mwa bibi asiyemjua, na mguu ukatetemeka hewani. Ukumbi wote ukasimama. Mcheza upanga mwenyewe akamwinamia.

Kwenye basi nilitazama dirishani. Akaniambia, "Mwalimu, huyo muuaji wako atakukumbuka. Hajawahi kushukuriwa." Kisha akalaza kichwa begani kwangu, akasinzia. Sikumsukuma. Alikuwa amechoka, hatimaye.

Ijumaa, 18 Aprili
Nimetafakari. Mbinu haikuwa na kasoro. Ukumbi ndio uliokuwa mbaya. Mazishini kwangu hakuna kugombea nafasi. Nitalala katikati, maua pande zote, na hakuna atakayetarajia niiname. Nimempigia binti yangu simu: Okuda akae nyuma, na mtu yeyote asithubutu kuinua mkono mbele yake. Binti akauliza kama nimekunywa dawa.

Jioni Okuda ameanza kukohoa. Kikohozi kizito, cha makusudi. Mwizi huyu! Anataka kunitangulia! Nimemvisha soksi zangu za sufu, nimemfunika blanketi langu, nimemsimamia hadi akamaliza chai yote ya tangawizi. Hanishindi mara ya pili.