Kifungu cha Tisa

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya kwanza ya Aprili, gari la umeme la Mkuu wa Chuo lilisimama kwenye Barabara ya Mill Hollow. Magurudumu yaliendelea kuzunguka.

Tulikuwa wanne ndani. Mbele alikaa Mkuu wetu, Profesa Lowell Haverstraw, nami, Naibu Mkuu wa Uzingatiaji wa Sheria. Nyuma walikaa wakaguzi wawili wa ithibati: Bi. Oyler na Bwana Fenn, ambaye hazungumzi akiwa kazini. Kanuni yao ni moja na haina mjadala. Wakaguzi waweke sahihi katika daftari la mapokezi, ndani ya jengo, kabla ya saa sita mchana. Wasipoweka, ithibati ya chuo inakoma. Chuo kilikuwa mita mia nne mbele yetu. Tuliliona bango la kuwakaribisha na meza ya donati.

Kwetu Vermont, kaskazini mwa Marekani, theluji ikiyeyuka, barabara za udongo hugeuka uji. Wenyeji hawalalamiki, humwaga kokoto na kuvutana kwa trekta. Chuo chetu, kinachosifika kwa sheria ya mazingira, kiligundua kwamba katika uji huo hupita salamanda wenye madoa, viumbe mfano wa mijusi, wakienda kutaga mabwawani. Tulishtaki mji, tukashinda. Amri ya mahakama ina vifungu kumi na vinne. Vingi niliviandika mimi.

Kwa hiyo hali ilikuwa shwari kabisa kisheria. Kifungu cha sita kinapiga marufuku matrekta hadi katikati ya Mei. Cha saba, kokoto. Cha nane, koleo. Cha tisa kinasema binadamu asikanyage tope la barabara hiyo. Magari ya umeme yanaruhusiwa. Mjini lipo moja.

Saa tatu kasoro robo alifika Orrin Tewksbury, msimamizi wa barabara za mji, ambaye ndiye tuliyemshtaki. Alitembea juu ya ukuta wa mawe kando ya barabara ili asivunje sheria, akaketi usawa wa dirisha letu na kufungua chupa ya chai.

"Habari za asubuhi, Profesa. Umeegesha?"

"Tumekwama, Orrin."

"Aa. Nilidhani ni utafiti."

"Trekta lako liko wapi?"

"Limelala. Lina amri ya mahakama, maskini. Hata kukohoa linaogopa."

Bi. Oyler akauliza kama haiwezekani tushuke tutembee. Nilimsomea kifungu cha tisa. Aliusifu ufasaha wake, akaandika.

"Kuna njia," Orrin akasema. "Mpigie jaji. Mwambie neno moja tu: amri imezidi. Ataisimamisha leo hii, nami nitawavuta kabla chai haijapoa."

Mkuu alitoa simu. Bi. Oyler alifungua ukurasa mpya wa daftari lake. Ni lazima nieleze kwamba amri hiyo ndiyo ukurasa wa kwanza wa taarifa yetu ya ithibati, pamoja na picha ya Mkuu akiwa ameshika salamanda.

"Profesa," Bi. Oyler aliuliza kwa upole, "amri imezidi?"

Mkuu alirudisha simu mfukoni. "Amri inafaa kabisa."

"Basi karibuni mjini kwetu," Orrin akasema, akamimina chai nyingine.

Tulikaa. Gari lilishuka sentimita kumi na moja. Nilipima kwa mlango.

Saa tano na nusu Orrin alirudi na farasi wawili wakiburuta sleji, kigari kisicho na magurudumu, yenye pipa. Alikuwa akikusanya utomvu wa miti ya sukari iliyopangana kando ya barabara, aupeleke kibandani kwake, mbele ya chuo, kuchemshwa uwe sharubati. Mti wa mwisho ulikuwa mkabala na gari letu.

"Kifungu cha kumi na nne," alisema. "Farasi ruksa, kwa utomvu tu. Na wabeba ndoo ruksa kupanda. Nyie ni wabeba ndoo?"

"Mimi ni Mkuu wa Chuo cha Sheria," Profesa alisema.

"Pole sana. Shika hii."

Alitupitishia ndoo dirishani, moja baada ya nyingine. Tulipanda sleji kupitia madirisha, bila mguu kugusa tope. Bwana Fenn alionekana kutabasamu, ila sikuthibitisha.

Saa sita kasoro dakika nane tulikaribia lango la chuo. Wanafunzi walipiga makofi.

"Simamisha hapa," Mkuu akaamuru.

"Haiwezekani, Profesa. Umesahau mwisho wa kifungu? 'Sleji isisimame kati ya mti wa mwisho na kibanda.' Mlisema wakulima tungefanya magendo ya kokoto."

Nilikumbuka sentensi hiyo. Ni nzuri.

"Rukeni!" mwanafunzi mmoja akapiga kelele.

Mkuu alitazama chini. Kati ya sleji na ngazi za chuo palikuwa na hatua nne za tope. Alimtazama Bi. Oyler. Kalamu ilikuwa tayari.

"Kifungu cha tisa!" Mkuu alimjibu mwanafunzi, kwa sauti ya darasani. Wanafunzi wakashangilia zaidi. Tukapita.

Saa sita kamili tulikuwa kibandani, katika mvuke. Katibu wa mapokezi alinipigia simu: amelifunga daftari, halina sahihi hata moja. Bi. Oyler alinionyesha fomu yake. Kwenye "Utekelezaji wa sheria" aliandika: bora kuliko vyuo vyote nilivyokagua. Kwenye "Ithibati": imekoma.

Orrin alileta daftari la wabeba utomvu, kwa sababu tulidai liwepo, kifungu cha kumi na nne. Wakaguzi waliweka sahihi. Mkuu aliweka ya mwisho, na Orrin akaandika mbele ya jina lake: ndoo moja, nusu imemwagika.