Jina la Salvatori kwa Herufi Nyeupe

Jumatatu, 12 Mei. Black Rock, Buffalo.
Tovuti ya ushonaji ya mke wangu imetimiza mwezi. Wageni: mimi, na mimi tena kwa simu nyingine. Josiane, pini zikiwa mdomoni, amesema ikifika Juni bila mteja anakunja cherehani na kurudi kiwanda cha kuku. Kiwanda kile kilimharibu mkono wa kulia. Sitaki arudi. Nimemwambia aniachie mimi. Amesema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Shemeji Jules amepiga simu kutoka Hilliard, kando ya Columbus. Anajua kila kitu, kama kawaida yake. Anasema kosa ni maneno. Hakuna mwanamke anayekaa kitako kutafuta mtandaoni "Umaridadi wa Kimataifa wa Mavazi ya Asili". Niandike kile ambacho mwenye shida angeandika: fundi wa vitenge, Buffalo. Nimemshukuru kwa adabu. Fundi wa vitenge! Hivyo tu? Ndiyo hasara ya kazi ya ofisini, inakausha mawazo.

Alhamisi, 15 Mei.
Nimechunguza. Watu wote hutafuta neno moja: bure. Nimeliweka kila mahali.

Baadaye. Josiane ameshinda akipokea simu za watu wanaotaka gauni la bure. Mmoja alitaka aletewe na nyumbani. Nimeliondoa kabla ya chakula cha jioni. Chakula chenyewe hakikuwepo.

Jumanne, 20 Mei.
Nimepata! Wakongomani wa huku Marekani, Louisville, Columbus na Buffalo, wakiwa na harusi wanamtafuta nani? Salvatori, fundi wa Louisville. Kila harusi tunayoalikwa, sare za ukoo kashona yeye. Basi nimeandika jina lake ukurasa mzima wa tovuti yetu, herufi nyeupe juu ya weupe. Macho ya watu hayalioni, lakini mtandao unaliona. Anayemtafuta Salvatori atatukuta sisi kwanza. Josiane sijamwambia. Ana kazi nyingi. Bon, hana, lakini sijamwambia.

Jumatano, 28 Mei.
Simu imelia. Mteja! Mama Hadassa, wa Columbus, anamwoza binti yake Jumamosi. Nilikuwa navuta pumzi nimsifie mishono yetu, akauliza: "Papa Salvatori, manguo yetu iko wapi?"

Mashangazi wote wa bibi harusi walimpelekea Salvatori kitenge cha aina moja tangu Februari, wavae sare. Sasa simu yake haipatikani. Wametafuta jina lake mtandaoni, ikatokea namba yetu.

Ningeweza kusema amekosea namba. Lakini alikuwa mteja wetu wa kwanza, na sauti yake ilikuwa kali. Nilisema nguo ziko hatua ya mwisho. Akamshukuru Mungu. Akasema nizifikishe Columbus Ijumaa jioni. Nikasema sawa. Kwa nini nilisema sawa?

Alhamisi, 29 Mei.
Sikula. Josiane akauliza naumwa nini, nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Alivua utepe wa kupimia shingoni, akakaa. "Papa Benie," akaniambia, "donc mashangazi wataingia kanisani na nini?"

Akampigia Mama Hadassa na kumweleza ukweli. Kelele za Columbus nilizisikia hadi jikoni. Kisha akampigia Jules. Chai haijachemka, Jules kampata Salvatori! Hakutafuta jina. Aliandika fundi wa vitenge, Louisville, basi. Ukatokea ukurasa wa Salvatori, una namba mpya. Simu yake ya zamani imeibiwa, na namba zote za wateja zimekwenda nayo. Nguo alizimaliza wiki iliyopita. Zimetundikwa dukani kwake, naye anashangaa kwa nini hakuna anayeziulizia. Kila aliyeandika jina lake aliangukia kwetu.

Nguo zipo! Nimelia kwa furaha. Josiane kasema nisilie karibu na kitambaa.

Jumamosi, 31 Mei. Columbus.
Josiane aliamua tuje wenyewe kuomba radhi, akapakia na cherehani. Namshukuru Mungu kwa hilo. Salvatori alileta nguo kama alivyoahidi, nzuri kabisa, ila vipimo vilikuwa vya Februari na mashangazi wamekula vizuri tangu hapo. Zipu zikagoma. Cherehani ya Salvatori iko Louisville. Josiane akaweka yake juu ya meza ya Jules na kufumua mishono asubuhi nzima, mashangazi wakisubiri zamu wamejifunga vitenge kifuani. Mimi niliambiwa nikalinde magari.

Wote wameingia kanisani, wote wanapumua. Nilipomwona Mama Hadassa anacheka, nilihisi mzigo unanitoka mabegani. Kila shangazi ameomba namba ya Josiane. Jules amefuta maneno yangu yote kwenye tovuti na kuweka ya kwake: fundi wa kupanua gauni la kitenge linalobana.

Jumatatu, 2 Juni. Black Rock.
Simu inalia tangu asubuhi. Wateja wa kweli! Cherehani haikunjwi, kiwanda cha kuku hakitajwi tena. Josiane anaimba. Nimeshusha pumzi ambayo naona niliishikilia mwezi mzima.

Amebadilisha neno la siri la tovuti na hanipi. Nimeahidi, Jules akiwa shahidi, kutoandika tena jina la mtu mwingine kwenye tovuti yetu. Nitaitimiza ahadi hiyo.

Jioni Salvatori amepiga. Nilidhani ni matusi. Wapi! Anasema mtu aliyeweza kumficha kwa jina lake mwenyewe si wa kuachwa hivi hivi, anataka nimsimamie tovuti yake. Hatimaye nimepata anayenielewa.

Nimeanza kazi papo hapo. Nikajiuliza: wanawake wa Louisville, Columbus na Buffalo sasa wanamtafuta nani? Rahisi. Nimeandika jina la Josiane ukurasa mzima wa tovuti ya Salvatori, kwa herufi nyeupe.