Naomba Kustaafu Ujana

Kwa Dada Mkubwa,
Nyumba ya zamani (maana ile mpya bado hujahamia).

Mheshimiwa Dada, shikamoo.

YAH: OMBI LA KUSTAAFU UJANA KABLA YA JUMAMOSI

Nakuandikia kwa kalamu badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "ngoja kwanza," halafu unaanza kuongea na mtu mwingine, na mimi nabaki nasikiliza maisha yako. Barua haiwezi kuambiwa ingoje. Tena nimeiandika kirasmi ili ujue kwamba anayezungumza leo si yule mdogo wako wa kutumwa chumvi. Ni mtu mzima mwenye malalamiko yenye namba.

Ombi lenyewe ni fupi, maelezo ndiyo marefu. Kwenye ukoo wetu mtu hawi mzee kwa miaka. Anakuwa mzee siku wewe Dada ukimwambia neno moja tu: "Kaa." Kaka aliambiwa siku ya harusi ya mwanao. Aliinama kushika pipa la maji, wewe ukamtazama mgongo, ukasema, "Wewe kaa." Akakaa. Tangu siku hiyo hajanyanyua kitu kizito kuliko kijiko, na hata hicho kijiko hukipumzisha kwanza kabla hakijafika mdomoni. Mimi nina miaka hamsini na mbili, na neno ninalolisikia kutoka kwako tangu nizaliwe ni "Njoo."

Jumamosi unahamia ghorofa ya tatu. Najua ni nani ataambiwa njoo. Kwa hiyo naomba, kabla siku hiyo haijafika, na mimi niambiwe kaa. Sababu zangu ni hizi:

1. VIATU. Kaka anakwenda benki na ndala. Nimemshuhudia kwa macho yangu. Mlinzi akamfungulia mlango, watu wakampisha kwenye foleni, "Pita mzee, pita." Mimi siku moja nilikwenda kazini na ndala kwa sababu kidole kilikuwa kimevimba kama nyanya, na bosi wangu, mtoto ambaye ningeweza kumfundisha kupiga mswaki, akaniuliza kama nyumba yangu imeungua. Kila asubuhi nainama kufunga kamba za viatu. Magoti yangu yakilia, mke wangu anaitikia "karibu!" kutoka jikoni, akidhani mlango umegongwa. Kaka ameiacha kabisa kazi hiyo ya kuinama. Ana furaha, Dada. Vidole vyake vya miguu vina furaha, vimejitanua kila kimoja na eneo lake.

2. MASIKIO. Ukimwambia Kaka, "Hebu tusaidie kusogeza meza," anakujibu, "Nani kaja?" Lakini mtu akifunua sufuria chumba cha tatu, shingo yake inageuka yenyewe. Daktari gani anatibu kitu kama hicho? Huo si ugonjwa, hicho ni cheo, na mimi nakiomba. Nikijifanya sijasikia sasa hivi, wapwa zangu hawaniachi kwa heshima. Wanakuja, wananishika mkono, wananipeleka mpaka kwenye meza yenyewe.

3. PICHA. Hili linaniuma. Kwenye picha za familia wazee hukaa viti vya mbele, watu wazima husimama nyuma, na watoto huchuchumaa chini. Mimi ni kitinda mimba, kwa hiyo mpaka leo nachuchumaa. Angalia picha ya mwisho. Kuna wajukuu wako sita, halafu kuna mtu mwenye kipara na tai, na mjukuu mmoja amemwekea kiwiko kichwani. Mpiga picha aliposema tumemaliza, wenzangu wote waliinuka wakaenda kula. Mimi nilibaki palepale, si kwa kupenda, mpaka mke wangu alipokuja kunivuta kama kigingi.

4. USINGIZI. Kaka analala katikati ya kikao cha ukoo na wote mnanong'ona, "Msimsumbue, anatafakari." Mimi kazini, pale stoo ya rangi, nilifumba macho kidogo tu, nikihesabu makopo kwa moyo, nikapewa onyo la maandishi. Na nilikuwa nimesimama! Sijui kama kuna mtu mwingine duniani anayeweza kulala wima, mkono juu ya kopo la rangi, bila kumwaga tone. Wangenipa nishani.

5. NENO LA SIRI. Kompyuta ya stoo kila mwezi inadai neno jipya la siri, lenye herufi kubwa, namba na alama. Nimeshatumia majina ya wanangu, kisha ya majirani, kisha ya wachezaji. Sasa nimefikia matusi, na hayo nayo yanaelekea ukingoni. Kaka simu yake ikiandika kitu asichokielewa, anamkabidhi mjukuu: "Hebu ona huyu anataka nini," na anaendelea na chai yake. Dada, mtu anayeiita simu "huyu" ameshavuka ng'ambo. Nataka kuvuka.

6. KABATI LAKO. Hapa ndipo penye barua yenyewe, hayo mengine yalikuwa ya kupasha moto.

Kabati lile alilokuachia Mama ni la mbao za enzi ambazo miti haikuwa na haraka. Kila ulipohama, nimelihamisha mimi. Mara ya kwanza, kutoka nyumbani kwa wazazi, nililibeba peke yangu mgongoni na kukatiza nalo sokoni. Kwa kuwa mimi sikuonekana, watu walidhani linatembea, na muuza vitunguu mmoja akaliuliza linakwenda wapi. Mara ya pili nililibeba paka akiwa amelala ndani. Tulipofika alikuwa bado anakoroma, na alipoamka alishangaa tu mtaa umebadilika. Mara ile ya mvua, lori liliponasa kwenye tope, nilishuka, nikalipeleka kabati kwanza, kisha nikarudi nikalitoa lori. Shemeji alikuwepo, ni shahidi wangu, ingawa yeye husema tulivutwa na trekta. Trekta lilikuja baadaye, kunipongeza. Ndiyo maana vijana wa stoo wananiita Winchi, na sijawahi kuwaomba waniite hivyo zaidi ya mara moja.

Najua hapo utaniambia, "Mtu mwenye nguvu hizo si bado kijana?" Wewe siku zote unanishinda kwa maneno yangu mwenyewe. Lakini sikiliza. Nguvu ni kama kopo la rangi. Nje limeandikwa lita ishirini, na lebo yake bado inang'aa, ila ukilitikisa unasikia kwa mbali sana: chwa, chwa. Mimi kwa nje nang'aa, Dada. Naomba unitikise.

7. HOSPITALI. Ili usidhani natunga, nilikwenda kuchukua uthibitisho wa uzee. Daktari akanisikiliza kifua, akaita wenzake wawili nao wasikilize. Mmoja akachungulia dirishani kutazama kama kuna jenereta. Wakaniambia nina moyo wa kijana wa miaka ishirini. Nikawauliza, "Na huyo kijana ana habari?" Wakanitoa kwa heshima. Kwa hiyo sayansi imeshindwa, umebaki wewe.

8. NJIA YA MKATO. Kama kanuni haikuruhusu kumwambia kaa mtu ambaye hajafikia zamu yake, basi nisogeze zamu. Wewe ndiye mkubwa, ulikuwepo sisi wote tukizaliwa. Wazazi wetu wametangulia, hakuna mwingine wa kuulizwa. Sema tu siku moja mkiwa mezani, "Jamani, nimekumbuka, huyu wa mwisho ndiye aliyeanza, Kaka ndiye aliyefuata." Nani atakupinga? Kaka hatasikia. Ukinisogeza nafasi moja, namzidi Kaka, na Jumamosi yeye ndiye atakayeitwa kubeba, mwili wake umepumzika vya kutosha. Ukinisogeza mbili, nitakuwa nimekuzidi hata wewe, na hapo sheria itataka wewe ndiye uniamkie mimi, na mimi ndiye niseme nani akae. Sisemi tufike huko. Nasema tu njia ipo, ni pana, na haina kona kama zile za ngazi zako mpya.

Nimezipanda ngazi hizo juzi, kwa siri, kupima. Kona ya pili ni nyembamba, na juu yake kuna taa inayoning'inia. Wewe wakati unachagua nyumba uliangalia jiko na dirisha la kuanikia nguo. Hukujiuliza mdogo wako atapitishaje kitu chenye upana wa ng'ombe. Mgongo wangu ulipoiona kona ile ulijibana wenyewe, kabla sijauambia chochote. Kwa hiyo, mheshimiwa, nikipata neno lako kabla ya Jumamosi nitalipokea kwa mikono miwili, nikiwa nimekaa.

Nifikishie salamu kwa Shemeji, mwambie sina kinyongo kuhusu trekta. Wasalimie wapwa zangu wote, hasa yule aliyempa baba yake simu niongee naye wakati nimeomba kuongea na wewe. Msalimie mjukuu mwenye kiwiko. Salamu za Kaka mpelekee ukiwa umeshika mfuniko wa sufuria, ndipo atakusikia. Wifi yako anakusalimia, anasema usiamini hata robo ya barua hii, lakini hajaisoma, kwa hiyo hana uthibitisho.

Nabaki kuwa mdogo wako mtiifu aliyechoka kuwa mdogo,

Winchi
Mtunza stoo mwandamizi, mzee mtarajiwa

Nyongeza:

Dada, nilikuwa natafuta gundi ya kufungia bahasha simu ikalia. Mwanao mkubwa. "Mjomba, Mama kasema Jumamosi wewe kaa tu nyumbani. Tumepata vijana wanne wa kuhamisha vitu, wana glavu na mikanda yao. Wewe umebeba vya kutosha, mzee wetu." Nikamwambia asante. Nikakata simu.

Nikakaa kweli. Nilivuta kile kiti chenye mikono, nikanyoosha miguu, nikangoja raha ije. Badala yake akaja mke wangu, akanitazama usoni, akauliza nani amefariki. Nikamwambia nadhani ni mimi.

Hivi ulisema mwenyewe, kwa mdomo wako, au mtoto kakutafsiri vibaya? Glavu! Kabati la Mama linashikwa kwa glavu kama sufuria ya moto? Na hao vijana wanajua kwamba mguu wa nyuma wa kushoto umelegea, ukiliinamisha upande huo linafunguka mlango na kukupiga kidevu? Wana videvu vya ziada? Umeniita njoo miaka yote hii, nikiwa na homa, nikiwa na mitihani, hata asubuhi ya harusi yangu uliniita nikaja na suti kubeba friji, na leo jambo lenyewe kubwa limefika unanitumia ujumbe kwa mtoto. Nimekukosea nini?

Ichukulie barua hii kwamba haijaandikwa. Ningeichana, ila mwandiko umetoka vizuri. Mambo ya ndala na picha tutazungumza mwaka mwingine. Na yule daktari wa moyo alikuwa sahihi.

Jumamosi asubuhi nitakuwa na shughuli zangu binafsi upande huo wa mji. Nitapita mbele ya ghorofa lako nikiwa na viatu vya kazi, taratibu, bila kutazama juu. Wewe niite.