Misimamo Yangu Kuhusu Maji, Punda na Ziara za Nje

Jumapili, 13 Novemba 2016

Leo nimeanza kuandika. Viongozi wakubwa wote huandika. Wengine huandikiwa, lakini mimi sina mtu wa kumwamini. Mwandiko wangu si mzuri sana. Shule niliacha mapema kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa.

Habari yenyewe ni hii. Mwakani kwetu kuna uchaguzi, na mimi Famau nitagombea ujumbe wa bunge la kaunti, Wadi ya Kisima cha Punda. Wazee wa kwetu watakaa Jumamosi hii waamue watamuunga mkono nani. Wakishamtaja mtu, khalas, huyo ndiye. Kisima hakuna mtu anayepiga kura bila kuulizana nyumbani kwanza.

Kiti lazima nikipate. Arbab, tajiri wangu wa kazi, ameshasema visa yangu haiongezwi tena, umri umepita. Januari narudi. Haiwezekani nikae Dubai ujana wangu wote, nipime mizigo ya nusu ya Pwani nzima, halafu nirudi kuwa mzee wa kupiga miayo barazani. Lazima niitwe Mheshimiwa. Nimejiita mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni. Linanikaa.

Sifa zangu: msimamizi wa mizani, ofisi ya kago, Deira. Mwaka 1979 niligombea udiwani nikashindwa kwa hila. Hila ilikuwa kwamba watu walimpa kura mwenzangu.

Misimamo yangu. Maji: yawepo. Punda: kila punda awe na nambari nyuma kama gari za hapa, ajulikane ni wa nani. Ziara za nje za wajumbe: marufuku! Wanakula kodi ya wananchi kwa kisingizio cha kwenda kujifunza.

Nimemsomea Sowedi. Huyu ni Mganda, askari wa mlangoni kwenye jengo letu, tunalala chumba kimoja. Akauliza, mzee wangu, na wewe si uko nje? Nikamwambia mimi si ziara, mimi ni makazi. Akanyamaza. Hoja ikikosa jibu watu hunyamaza.

Jumatatu, 14 Novemba

Mke wangu Shifaa kaleta ujumbe wa sauti. Huku simu za WhatsApp hazipiti, kwa hiyo ndoa yetu yote ni kurekodiana. Asema pampu ya kisima imekufa. Wanawake wanafuata maji ng'ambo na madumu mgongoni mwa punda. Fundi asema imekatika raba ya ndani, na raba ya namna ile Mombasa haipatikani. Niende Ras Al Khor kwenye vipuri nimtafutie.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili kama kiongozi. Pampu ikipona sasa, mimi mwakani nitaahidi nini?

Nikamjibu kwamba suala la maji liko kwenye sera zangu na litashughulikiwa baada ya kuapishwa. Akarudisha ujumbe mfupi. Asema, "Famau weye, sisi huku twaoga kwa kikombe."

Nimeuandika. Utafaa kwenye hotuba.

Jumanne, 15 Novemba

Hasimu wangu katua! Mheshimiwa Mubin, mjumbe wetu wa sasa, yuko Deira na kamati nzima ya maji. Wamekuja, eti, kujifunza jinsi Dubai inavyosafisha maji ya bahari. Huyu Mubin ni mtoto wa jirani yangu. Nilimwona akikojoa ukutani kwetu. Leo ana viatu vyenye ncha.

Amepita ofisini kunisalimu. Akanibusu mkono, akaniita Ami, akauliza wapi panauzwa televisheni za bei nzuri. Sikuuliza maji ya bahari na televisheni vinahusiana vipi. Nilitabasamu tu, kisiasa.

Mpango umekuja wenyewe. Nitamwelekeza dukani. Kesho Sowedi hana zamu, atajificha na simu yangu, ampige picha Mubin akibeba manunuzi, airushe papo hapo kwenye kundi letu la Wana Kisima. Wazee wote wamo mle. Mubin atakuwa amekwisha kabla ya magharibi.

Sowedi aliuliza kwa nini nisipige mwenyewe. Nikamwambia mkubwa hapigi picha. Mkubwa hupigwa.

Jumatano, 16 Novemba

Nisieleweke vibaya. Mpango ulikuwa mzuri.

Nilisimama nyuma ya duka la marashi. Sowedi upande wa pili, simu tayari. Mubin akatoka dukani na televisheni kubwa kama mlango wa msikiti, na sanduku la vyombo juu yake, na vyote vimefungwa kwa kamba ya kufungia keki! Kamba ya keki! Na fundo lenyewe la kiatu.

Nilijizuia. Wallahi nilijizuia. Lakini mimi nimefunga mizigo miaka yote hii na hakuna wangu uliofumuka, hata ule wa friji. Roho ikakataa. Nikatoka nilikojificha, nikamwambia Mubin, lete hapa, aibu gani hii. Nikafungua, nikafunga upya kwa kamba yangu ya mfukoni, msalaba mara mbili, fundo ubavuni. Nikajitwika televisheni begani kumwonyesha inavyokaa. Ikakaa vizuri sana.

Hapo ndipo Sowedi alipopiga.

Akairusha kama nilivyomwagiza. Kwa simu yangu. Kwa jina langu. Mimi niko mbele na televisheni, Mubin yuko nyuma mikono mitupu, anacheka na mtu.

Nikamuuliza Sowedi mbona hakungoja. Akasema, "Mzee wangu, ulisema papo hapo. Mimi ni askari, naambiwa, nafanya."

Alhamisi, 17 Novemba

Kundi limechafuka asubuhi nzima. Mmoja kauliza tangu lini Famau ni hamali wa Mheshimiwa. Mwingine kasema mimi nina bega zuri, nimpelekee na yeye kochi. Mwenyekiti wa wazee hakuandika kitu. Kaweka alama ya kuuliza, peke yake. Hiyo iliniuma zaidi.

Ila Mubin naye wamemshika. Wanauliza televisheni hiyo itatoa maji kutoka bomba gani. Kwa hiyo nusu ya mpango imefaulu.

Shifaa hakusema chochote kuhusu picha. Kauliza raba.

Ofisini nilikuta Khairiya ameshapata habari. Huyu ni binti wa Mombasa, ndiye anayepokea wateja wetu, na ulimi wake hauna breki. Kumbe Shifaa kamwandikia yeye. Kumbe asubuhi Khairiya kapanda basi hadi Ras Al Khor, kaipata raba, kaja nayo kwenye boksi dogo. Kaliweka juu ya mizani yangu na kusema, "Babu, hii inaondoka leo na Bi Ghania. Funga."

Bi Ghania ni wa kwetu Kisima. Alikuja kumwona mwanawe na anarudi leo jioni. Nyote mnajua ilivyo: mtu akirudi nyumbani, begi lake si lake. Nilimweleza Khairiya kwa upole kwamba pampu hii ni suala la kisera, lisifanyiwe papara kabla ya Jumamosi. Akauliza kama mke wangu anajua nimesema hivyo.

Bi Ghania akaja na begi lake. Nikalipima. Nikatangaza kwamba limezidi, boksi haliingii. Limezidi kweli, lakini kidogo, kilichobaki niliongeza mimi kwa kubonyeza mizani na kidole. Bi Ghania hakubishana. Akaketi chini sakafuni, akafungua begi, akatoa viatu vipya alivyonunuliwa na mwanawe, vyekundu, bado vina karatasi ndani. Akavisukuma kando. Akasema, "Weka raba, baba. Viatu nitavaa wapi, kwenye foleni ya madumu?"

Nikalifunga boksi. Msalaba mara mbili. Nikasema kamba hii ni ya bure.

Viatu viko chini ya meza yangu. Khairiya kanikataza kuvigusa.

Ijumaa, 18 Novemba

Siku ya kujisafisha. Watu wa Pwani walioko Deira walimkaribisha Mubin na kamati yake kwenye biriani baada ya swala. Nikaamua hapo ndipo nitakapomvua nguo kwa hoja, mbele ya watu, na Sowedi arekodi sauti aipeleke kwa wazee kabla hawajakaa. Nilivaa kanzu ya Idi. Nilijitia marashi mpaka Sowedi akafungua dirisha.

Nilipanga kuanza hivi: "Mubin, umejifunza nini hapa?" Halafu kimya. Halafu umati unazomea.

Lakini Mubin ni nyoka. Nilipoingia tu alisimama. Akasema, "Ami yetu amefika, mpisheni." Akanikalisha mbele, kwenye sinia lake mwenyewe, upande wenye nyama. Akawaambia wenzake kwamba katika Dubai nzima hakuna Mswahili anayeijua nchi hii kama mzee Famau, na kwamba itakuwa hasara kamati kuondoka bila kumsikiliza. Akaniomba nieleze wenyewe wa hapa wanasafishaje maji ya bahari.

Sasa mtu mzima ufanye nini? Nikaeleza.

Ukweli ni kwamba maji ninayoyajua mimi hutoka kwenye lile dumu kubwa analoleta Mhindi. Lakini nilieleza. Nikasema kuna mabomba. Nikasema kuna jua, kuna chumvi, chumvi inabaki chini kwa sababu ni nzito, mimi ni mtu wa mizani najua uzito. Wakaandika! Watu wazima wenye shahada wanaandika maneno yangu! Nikaendelea. Nikaingia kwenye punda na nambari zao. Wakaandika na hayo. Mmoja aliuliza nambari ya punda itapigiliwa wapi, nikamjibu maelezo zaidi yatafuata.

Nikamalizia kwa sauti kubwa kwamba ziara hii ina faida kubwa sana kwa nchi yetu, na ingefaa waje kila mwaka. Ilitoka yenyewe. Nyama ilikuwa laini.

Mubin akasema shukrani, khalas, ripoti ya kamati imekamilika, hakuna haja ya kwenda kwenye mtambo. Wakainuka kwenda kununua marashi.

Sowedi alikuwa ameshaipeleka. Yote. Na makofi.

Usiku nimetafakari. Nimerekebisha msimamo wangu namba tatu: ziara za nje zinaruhusiwa pale ambapo wajumbe wanakutana na mtu wa maana.

Jumamosi, 19 Novemba

Wazee wamekaa tangu asubuhi. Nimemwambia Khairiya leo asinipe kazi nzito, naweza kupigiwa. Akanikumbusha kwamba simu hazipiti. Nikasema basi naweza kurekodiwa.

Alasiri imekuja video. Si ya wazee. Ni kisimani. Pampu inatema maji, watoto wanapigana kuingia chini, Bi Ghania kasimama na sandali zake kuukuu zimelowa. Shifaa hayumo. Sauti yake ndiyo inasikika, anawafokea wasimwage.

Khairiya alilia kidogo. Wanawake hulia ovyo. Mimi macho yaliniwasha kwa sababu ya kiyoyozi.

Wazee kimya.

Jumapili, 20 Novemba

Mwenyekiti wa wazee kaleta ujumbe mrefu. Nimeusikiliza peke yangu ngazini.

Mubin hapati. Kisima haiwezi kumtuma mtu kutafuta maji akarudi na televisheni. Na mimi sipati. Mwenyekiti kasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Famau ni ndugu yetu, lakini tumemwona akimbebea, tumemsikia akimsifu, na tumeambiwa habari ya mizani." Bi Ghania! Mwanamke mpole kabisa yule. Kumbe kidole alikiona.

Halafu kasema wanawake walikuja pale barazani na madumu yamejaa, wakayapanga mlangoni, wazee hawana pa kupita. Wakawauliza ni nani aliyewaletea maji haya. Wazee wakafikiri. Njia nyingine ya kutoka haikuwepo.

Mgombea wa Kisima cha Punda ni Bi Shifaa.

Mke wangu.

Sowedi alinikuta pale ngazini. Akakaa ngazi ya chini yangu. Baadaye akaniuliza mume wa Mheshimiwa anaitwaje. Jioni akanipikia matoke, ndizi za kwao. Sikuwa na njaa, nimekula sahani mbili.

Jumatatu, 21 Novemba

Nimelala nimeamka, mambo yako wazi. Wazee wamenichagua mimi kwa njia ya mzunguko. Walitaka jina langu, wakaona haya kulitaja baada ya ile picha, wakachukua mtu wa nyumbani kwangu. Siasa za watu wazima ndivyo zilivyo.

Nimemrekodia Shifaa hongera. Nikamweleza kwamba asihangaike na mambo magumu, yeye akae kwenye kiti, misimamo nitatoa mimi, nikianza na punda. Kanijibu baada ya saa nzima. Asema nyumbani nitapokewa kwa heshima zote, chumba kimepakwa chokaa, na kila alfajiri nitashika zamu ya kufungua pampu kama mwanakamati mwingine yeyote wa kisima. Kuhusu punda kasema, "Nambari hiyo ntakuvisha wewe."

Ukali kama huo, na hata kuapishwa bado.

Kwa hiyo nimefikiri na nimeamua. Nitamwachia muhula mmoja. 2022 ninagombea dhidi yake. Nitakuwa ndani ya nyumba yake, naona kila kitu, hakuna mpinzani mwenye nafasi kama hiyo duniani. Nimemwambia Sowedi tuanze leo kukusanya makosa yake. Tumekaa tangu magharibi, tumefikiri pande zote. Hatujapata hata moja.

Mtu wa namna hiyo si wa kuaminiwa.