Ombi la Kurudishiwa Giza

Katoro, Geita

Kwa Ndugu Masudi, mwenye duka la televisheni

Salaam nyingi kwako na kwa wote walio nyuma ya kaunta yako. Mimi ni Herman, uliyemfungia televisheni mwezi uliopita ukiisifia kwamba ina HDR: penye jua kali picha haiungui, na penye kivuli unaona kila kitu. Ulisema kweli, na ndiyo maana ninalalamika.

1. Miaka miwili tumetazama video ya mazishi ya baba mkwe, Mzee Mageni wa Songwa, kwenye TV yetu ya kichogo. Mimi nilikaa chini ya turubai, nikaonekana doa jeusi linalotikisika mabega. Ukoo mzima ukajua mkwe analia. Niliheshimika, hata firigisi nikawa napewa mimi.

2. Kwenye TV yako kivuli kimefunguka. Meno yangu yanaonekana yote, hadi magego. Nilikuwa nacheka! Kosa si langu. Msoma wasifu alikuwa amefika pale panaposema marehemu hakuwahi kugombana na mtu. Mzee Mageni, aliyegombana na Songwa nzima pamoja na mbuzi wao!

3. Mke wangu Apolonia alitazama, akazima, akafungasha, akaenda kwao. Leo siku ya tisa. Nyumba imepoa na ninamkumbuka sana, nasema bila aibu.

4. Naomba basi fundi aje aipunguzie akili, giza libaki giza. Ikishindikana, kila boksi liandikwe onyo kama la sigara: HATARI KWA WAKWE.

Kwangu mimi HDR ni Hasara, Dhiki na Rabsha.

Nisalimie Mama Zuhra wa hapo kaunta, mafundi wote, na yule mlinzi aliyenisaidia kubeba boksi bila kujua anabeba nini.

Wako niliyeanikwa,
Herman (Baba Juliana)

NB: Kabla ya kufunga bahasha nimeitazama tena. Kando ya zizi, penye jua, ambapo kichogo kilionyesha weupe mtupu, amesimama Apolonia, kanga mdomoni, tumbo kalishika. Anacheka, kwa neno lile lile la msoma wasifu! Nikampigia simu. Akacheka tena, akakiri kwamba naye aliwakumbuka wale mbuzi. Anarudi kesho. Fundi asiguse chochote. Ila nielekeze upesi kitufe cha kupunguza mwanga, maana anakuja na mama yake, na mama mkwe siku ile naye alikaa juani.