Besi ya Mwanyumba

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe amenipa kazi. Mimi, ambaye kwake siku zote nimekuwa "yule wa nyaya". Kikundi chake cha wauguzi kimerekodi wimbo wa kumuaga mkunga mkuu, anayestaafu Jumamosi, na kuchanganya sauti nimeachiwa mimi.

Tatizo moja. Gitaa la besi kalipiga mwanyumba, mume wa dada wa mke wangu. Mkwe kipenzi. Kalipiga vizuri mno. Watu watasifu besi, yaani watamsifu yeye.

Jumanne, 5 Machi
Dawa imepatikana. Besi nimeigawa mara mbili, moja spika ya kushoto, moja ya kulia, kisha ya kulia nikaigeuza kinyume, mawimbi yake juu chini. Stereo pana ajabu. Ukivaa hedifoni inakuzunguka kichwa kizima. Sasa watakayemsifu ni mchanganyaji.

Mke wangu kasikiliza, akasema anajihisi kama kakaa ndani ya pipa. Nimelipokea kama pongezi.

Jioni kapita mwanyumba. Kasema besi huachwa katikati, mono, spika zote zitoe kitu kilekile, maana hujui wimbo utapigiwa wapi. Nikamjibu kwamba yeye ni wa kupiga, kuchanganya aniachie mimi. Akacheka. Sikukipenda kile kicheko.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeamka roho iko juu juu. Nikaujaribu wimbo kwenye simu. Besi hakuna. Nikajipa moyo, simu ni simu tu. Nikaupeleka kwenye redio ya jikoni, yenye spika moja pana kama sinia. Besi hakuna. Wauguzi wanaelea hewani.

Kumbe zile besi mbili zikikutana kwenye spika moja, huyu anasukuma, yule anavuta, wanamalizana. Nilikuwa najua. Nadhani nilikuwa najua.

Kuirudisha katikati ni kazi ndogo. Lakini mwanyumba atakuwa kashinda. Nikaenda kwenye ukumbi wa sherehe ya Jumamosi, kuangalia spika za pale.

Fundi mitambo wa pale, mtu mpole, kanieleza kwamba spika zake zote zinatoa sauti moja, ili aliyekaa kushoto na aliyekaa kulia wasikie sawa. Nikamwomba aweke stereo. Akauliza kwa amri ya nani. Nikaropoka: ya mama mkwe.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi kampigia mama mkwe kuhakikisha. Mama mkwe kanipigia mimi. Kauliza stereo ni nini, na lini aliiagiza. Nikasema ni namna ya kumpa heshima mkunga mkuu. Akasema taratibu, "Mwanangu, kapumzike."

Spika zitabaki zilivyo. Besi nayo itabaki ilivyo; mwanyumba hanishindi.

Jumamosi, 9 Machi
Wimbo umepigwa. Besi imeyeyuka kama nilivyoogopa. Wageni walikuwa wameshaonyeshwa mpiga besi, wanamtazama yeye, wanatazama spika, wanamtazama tena. Mkunga mkuu kainuka acheze, akakosa pa kukanyagia, akakaa.

Mama mkwe kanijia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mwenzako kakukosea nini mpaka umfute?"

Nilijaribu kueleza habari za kusukuma na kuvuta. Kasema mambo ya familia huzungumzwa kwa kukaa kitako, si kwa kufutana kwenye wimbo.

Wakati huo mwanyumba kashatoka nje, karudi na gitaa kutoka kwenye gari, fundi kamchomekea waya. Wimbo ukaanza upya, yeye akipiga palepale. Mkunga mkuu kacheza hadi kilemba kikamlegea. Baadaye nikamsikia mwanyumba akimwambia mama mkwe kwamba tulipanga hivyo, kwamba nilimwachia nafasi makusudi. Mama mkwe kanishika mkono. Mara ya kwanza tangu nioe.

Nilitaka kusema kweli. Nikasema asante.

Jumapili, 10 Machi
Mwanyumba kaja. Tumeketi pamoja tukairudisha besi katikati. Inasikika hata kwenye redio ya jikoni. Kanishauri kila wimbo niujaribu kwanza kwenye spika moja. Nimemshukuru, na nilimaanisha.

Alipoondoka, mama mkwe kapiga simu. Wauguzi wanataka wimbo wa pili, nichanganye mimi. Safari hii mwanyumba hapigi gitaa. Anaimba.

Nimewasha mitambo. Sauti yake nitaigawa mara mbili, moja kushoto, moja kulia, ya kulia kinyume.