Mashine ya Ini Chini ya Kitambaa Chekundu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wake, Mganga Mkuu, wakuu wa idara, wasaidizi wao na wasaidizi wa wasaidizi wao, mabibi na mabwana, na ninyi wagonjwa mliotuheshimu kwa kuendelea kuugua hadi siku ya uzinduzi, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mstari wa mbele, mtoto analia mgongoni mwa mama yake.)

Mimi, Mkurugenzi wa Maboresho ya Mikakati ya Afya, nasimama kwenye ukumbi huu wa hospitali yetu, pembeni ya mashine hii ya kisasa iliyofunikwa kitambaa chekundu, kuwajulisha kwamba kwa mujibu wa upembuzi yakinifu nilioufanya mwenyewe, na semina elekezi niliyoihudhuria ng'ambo kwa niaba yenu, imebainika kuwa ini likijaa mafuta, mishipa ya damu nayo iko hatarini kukakamaa, kwa maana kwamba ini na mishipa ni wadau wa mfumo mmoja shirikishi. (Makofi. Yule mama: "Hayo daktari ameshatuambia, Mheshimiwa. Mume wangu huyu hapa, ini lina mafuta, akipanda ngazi kifua kinambana. Anapimwa saa ngapi?")

Swali zuri, dada yangu, linalothibitisha kwamba uelewa wa wananchi umepanda kwa asilimia mia moja na arobaini tangu niteuliwe. (Vicheko.) Zamani mtu aliishi na ini lenye mafuta bila kujua; leo, kutokana na uongozi wangu, anajua na ana wasiwasi, na wasiwasi, ndugu zangu, ndiyo awamu ya kwanza ya mchakato! (Wakuu wa idara wanasimama kupiga makofi. Zinapitishwa sahani za kuku wa kukaanga, mafuta yanachuruzika.)

Karibuni, hii ni elimu ya mafuta kwa vitendo. (Yule mama: "Weka chini, baba." Mumewe: "Kipaja kimoja tu, mama watoto." "Hata mfupa hulambi.")

Ini halisubiri, ndugu zangu! Ndiyo maana alasiri hii mimi mwenyewe napelekwa kupimwa hospitali ya binafsi upande wa pili wa mji, gari liko nje linanguruma, kwa madhumuni tu ya kulinganisha ubora. (Yule mama anamnong'oneza mumewe. Wanainuka, polepole, kwa ajili ya kifua. Muuza soda, kutoka nyuma: "Mheshimiwa, vinywaji vinapata moto huku!")

Nahitimisha. Ini safi! (Wakuu wa idara: "Mishipa laini!") Mashine hoyee! (Wakuu wa idara: "Hoyee!")

Kwa namna ya pekee namshukuru muuza soda wetu, aliyetuazima friji lake likae chini ya kitambaa hiki, mahali hasa ambapo mashine ingekaa, endapo ingeagizwa, baada ya mradi kuandikwa, na kamati ya kuuandika kuteuliwa. Asanteni sana. Dereva!

(Dereva haitiki. Yuko nje na gari, anamtazama yule mama aliyeketi kiti cha nyuma, mtoto magotini, mume ubavuni, mlango umefungwa. "Kaka, twende," anasema yule mama. "Mheshimiwa amesema mwenyewe ini halisubiri. Yeye bado anapigiwa makofi.")